Kila Mlango na Ufunguo Wake

"Umeingia saa ngapi?" Mwanaidi aliuliza.

"Saa nane na dakika kumi," alisema Hemedi, mdogo wake, huku akichovya mkate wa mofa kwenye mchuzi. "Nimetoka msikitini moja kwa moja mpaka Nyumba ya Faraja. Nikabisha hodi, nikakaribishwa. Dada, nimemwambia. Nimemwambia baba kwamba mama hatunaye tena."

Mwanaidi alikuwa ameshika birika, anataka kumimina chai. Alilirudisha mezani.

"Alilia sana," Hemedi aliendelea. "Akauliza kaburi liko wapi, nikamwambia liko ubavuni kwa bibi, chini ya ukuta. Akasoma Fatiha, mimi naitikia. Halafu akasema, 'Kumbe ndiyo maana haji.' Unasikia? Miezi minne baba yetu anamngoja mama, anadhani amemsusa. Leo roho yangu imetua, wallahi."

"Hemedi, saa nane na dakika kumi mimi nilikuwa ndani kwa baba."

"Wewe?"

"Mimi. Nimeingia saa nane na dakika sita, nikatoka na ishirini na nne."

"Mbona sikukuona?"

"Ungenionea wapi? Wewe ulipita mlango wa mbele, mimi nilipita uani na wanawake wenzangu."

Hemedi akacheka. "Basi saa yako inakimbia. Mashine yenu si inaingiza mtu mmoja mmoja? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuhubiria, mmoja mmoja, mmoja mmoja, mpaka tukachoka."

Mwanaidi hakucheka. Na yeye alikuwa amekuja mezani na habari yake, ameibana kifuani tangu mchana kama mtoto aliyeficha peremende, anangoja mdogo wake amalize kula ampe. Miaka kumi na mmoja baba yao, Mzee Shekue, alikuwa amemnyima radhi kwa sababu ya kazi hii hii ya kufungua akili za watu. "Kichwa cha mtu ni chumba chake cha ndani," alimwambia siku aliyoondoka nyumbani. "Huingii hata ukikaribishwa. Ukienda, sina radhi nawe." Akaenda. Kisha mzee akapigwa na kiharusi, ulimi ukafa, mikono ikafa, hata kope hazikunyanyuka, na njia pekee ya kuzungumza naye ikabaki ile ile aliyoikataa. Leo, saa nane na robo, ndani ya kibanda cha uani, alikuwa amemwambia kwa sauti yake ya zamani ya ukali: "Mwanaidi, nimekuwia radhi. Duniani na akhera."

"Unakwenda wapi sasa? Chai je?" Hemedi aliuliza.

Alishavaa viatu.

*

Saa kumi na moja jioni Nyumba ya Faraja ilikuwa imeshafunga ziara. Jengo lile la ghorofa mbili lililaza wagonjwa sitini na watatu, kila mmoja chumbani mwake na waya wake kichwani. Mwanaidi alipita bila kusalimia mtu, akaingia chumba cha mitambo, akafungua daftari la mashine linaloandika kila hodi na kila karibu. Kosa hakulitafuta sana. Lilikuwa pale, limeandikwa wazi, halina hata aibu:

Saa 8:06, mlango wa uani, hodi kwa Shekue. Karibu.
Saa 8:10, mlango wa mbele, hodi kwa Shekue. Karibu.
Saa 8:24, uani, nakala imerudishwa.
Saa 8:31, mbele, nakala imerudishwa.

"Ebo!" alisema peke yake. Akapiga meza kwa kiganja mpaka kikauma, akaipiga tena.

Watu wengi walidhani mashine ile inampeleka mgeni ndani ya kichwa cha mgonjwa. Sivyo. Ilichofanya ni kusoma akili ya mgonjwa na kuleta nakala yake kibandani, na mgeni akivaa kofia alizungumza na ile nakala. Nakala ilisikia, ilijibu, ilicheka, ililia, na kwa kufanya hivyo ilibadilika. Mgeni akimaliza, nakala nzima ilirudishwa kichwani juu ya ile iliyokuwapo, na iliyokuwapo ikafutika. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya nyumba ilikuwa moja tu: mgonjwa mmoja, mgeni mmoja. Wawili wakichukua nakala kwa wakati mmoja, atakayerudisha mwisho ndiye atakayebaki. Wa kwanza atakuwa kama hakufika. Alichosema hakikusemwa, na alichopewa hakikutolewa.

Wa kwanza kurudisha alikuwa yeye. Hemedi alichukua nakala ya baba kabla radhi haijarudishwa kichwani, akairudisha baadaye, ikafuta kila kitu.

Na sheria ile aliiandika nani? Yeye. Aliiandika kwa Java, lugha iliyozeeka kuliko yeye lakini hospitali bado zinaiegemea kama mkongojo. Juu ya kazi inayoitwa "ingia" aliweka neno moja, synchronized, na neno hilo lina amri fupi: kila uzi wa kazi, yaani kila hodi, unaotaka kupita hapa uchukue ufunguo kwanza, na ukikuta umechukuliwa usimame usubiri. Ni amri nzuri kabisa. Lakini ufunguo wa nani? Hapo ndipo alipojikwaa. Ufunguo si wa ile kazi, wala si wa mgonjwa anayetembelewa. Ni wa kile kitu ambacho kazi imeitwa juu yake. Ukiita "ingia" juu ya mlango, unachukua ufunguo wa mlango ule ule. Mlango wa pili, hata ukichongwa kwa ramani ile ile, una ufunguo wake, na funguo hizo mbili hazijuani kabisa.

Mwaka wa kwanza mlango ulikuwa mmoja. Kisha familia zikalalamika, na walikuwa na haki. Mtu na mama mkwe wake wanabanana benchi moja, huyu anaona haya kukohoa, yule anavuta mtandio. Nyumba gani ya heshima haina uani? Basi wakubwa wakaamua, na Mwanaidi akaona ni jambo la adabu: wanaume wapite mbele barazani, wanawake wapite uani, kama walivyolelewa wote. Mlango wa pili aliutengeneza kwa dakika kumi. Aliagiza mashine itoe mlango mwingine kutoka ramani ya ule wa kwanza, ikatoa.

Wakaijaribu, tena kwa makini. Jumanne walikuja wanawake kumi, wakabisha uani wote kwa pamoja, akaingia mmoja na tisa wakasubiri. Jumatano wakaja wanaume kumi, wakabisha mbele, vilevile. Siku mbili tofauti, ili watu wasichanganyike! Adabu iliyowapa mlango wa pili ndiyo iliyowazuia kuijaribu milango yote miwili kwa siku moja. Mwanaidi akatia saini.

Alirudi nyuma kwenye daftari, Ijumaa baada ya Ijumaa, maana Ijumaa baada ya sala ndipo mume na mke, kaka na dada, walipokuja kwa pamoja, wakaachana getini na kila mmoja akashika mlango wake. Miaka miwili. Mara mia mbili na kumi na mbili nakala moja ilikuwa imeifuta nyingine. Alihesabu mara mbili, na mara ya pili hakuweza kumaliza kwa hasira.

Baba yake alikuwa bwana stesheni kwenye reli ya njia moja, enzi za ujana wake. Utotoni Mwanaidi alimwona akimpa dereva pete kubwa ya chuma kabla treni haijaondoka. "Njia moja, pete moja," alikuwa akimwambia. "Usiyekuwa nayo huondoki hata ukiwa na rais ndani." Hakusema pete moja kwa kila stesheni. Angesema hivyo, treni zingegongana kila siku. Mtoto wa miaka saba alilielewa, na mhandisi wa miaka arobaini akalisahau.

"Mjinga wewe," alijiambia. "Mjinga kabisa."

Yakabaki mambo mawili, na yote alikuwa anayajua kabla hajayatazama. La kwanza, kila urudishaji huuchosha ubongo, na madaktari walimpimia kila mgonjwa idadi yake. Mzee Shekue alikuwa amebakiwa na mmoja. Baada ya huo, hakuna hodi tena mpaka Mungu amchukue. La pili, mashine hutunza nakala ya kila ziara kwa siku thelathini. Ya kwake ilikuwapo. Baba aliyemwia radhi alikuwa amelala pale kwenye mashine, mzima, na amri moja ingemrudisha kichwani.

Lakini baba yule alikuwa hajui kwamba mkewe amekufa. Angerudi kumngoja.

*

"Kaa, mwanangu," alisema Bi Salha, mkurugenzi wa Nyumba ya Faraja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Bi Salha alikuwa mtu mzima wa sauti laini na udi mzuri, anayeita kila mtu mwanangu hata akimfukuza kazi.

"Nitasimama."

"Nimesoma ulichoniandikia. Nimesikitika. Lakini tusemezane kiutu uzima. Mlango wa mbele una kasoro?"

"Hauna."

"Wa uani?"

"Hauna."

"Kila mmoja ulijaribiwa, ukafaulu, ukatia saini wewe mwenyewe. Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba chumba ni kimoja!" Mwanaidi alijisikia sauti ikipanda, akaiacha ipande. "Fahali wawili tumewaingiza zizi moja, Bi Salha, kila mmoja kwa lango lake, halafu tunajisifu kwamba malango yanafungika vizuri. Nipe siku moja. Nifunge yote, niutoe ufunguo mlangoni niuweke kwa mgonjwa. Ni kazi ya mstari mmoja. Kisha tuwaite watu tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Kwamba mara mia mbili na kumi na mbili tumewafutia."

Bi Salha akapanga vikaratasi vyake mezani. "Tutafunga mwezi wa kumi, wakati wa matengenezo. Hakuna atakayeuliza."

"Kabla ya mwezi wa kumi kuna Ijumaa sita."

"Wagonjwa hawajalalamika, mwanangu."

Mwanaidi akamtazama. Kuna maneno mtu akiyasikia hukosa hata pa kuyashika. "Watalalamikaje? Tumewafutia walichokuwa nacho, hawajui kama walikuwa nacho! Wewe ungelalamika?"

Bi Salha akainuka, akafunga mlango wa ofisi taratibu, akarudi na kuishusha sauti. "Nimeangalia faili la mzee wako. Nakala yako ipo. Sikusikiliza, Mungu shahidi, lakini muda wake nimeuona, na uso wako ulipotoka Ijumaa niliuona pia. Ulipewa kitu. Kirudishe. Nitakuruhusu mimi mwenyewe, leo. Wewe pata radhi zako, niachie mimi mwezi wa kumi. Nani atajua?"

"Baba atamngoja mama."

"Atamngoja kwa raha. Kuna ubaya gani mtu kumngoja mkewe?"

Angemtupia kiti, na nadhani hata kiti kingemwelewa. Lakini kilichomkasirisha Mwanaidi kuliko yote ni kwamba hakusema hapana. Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu hiyo, Jumanne na Jumatano alifungua faili lile. Aliweka kidole juu ya amri, akakitoa. Radhi ni bora kuliko mali, waliimbiwa tangu madrasa, na yeye alishazipata, alizipata kwa haki, hakumwibia mtu! Kwa nini ziara ya Hemedi ibaki na yake ifutike, eti kwa sababu Hemedi alichelewa kutoka dakika saba? Alimchukia Hemedi kwa dakika hizo saba. Kisha alikumbuka uso wake mezani, mkate mkononi, "roho yangu imetua," akajichukia yeye.

Alhamisi hakufungua faili. Aliandika ule mstari mmoja, akauweka tayari.

*

Ijumaa saa saba na nusu benchi la uani lilikuwa limejaa. Mwanaidi alisimama katikati yao.

"Mama zangu, dada zangu, inukeni twende mbele."

"Mbele wapi, kwa wanaume?" aliuliza Bi Mize, mama mnene wa Pongwe ambaye mumewe alikuwa chumba cha tisa. Mkononi alishika namba yake ya zamu.

"Kwa wanaume. Nina neno la wote, na sitalisema mara mbili kwa milango miwili. Huko ndiko tulikokosea."

Walimfuata kwa minong'ono, wakipita ukumbi ambao hakuna mwanamke aliyeupita tangu uani ufunguliwe. Barazani wanaume waliinuka, wengine wakasogea ukutani kuwapisha. Hemedi alikuwa miongoni mwao, katoka msikitini, kofia bado kichwani.

Mwanaidi aliwaambia. Hakuzunguka. Aliwaambia jinsi nakala inavyochukuliwa na kurudishwa, jinsi ufunguo ulivyokaa mlangoni badala ya kukaa kwa mgonjwa, na nani aliyeuweka huko. "Niliyekosea ni mimi," alisema. "Imetokea mara mia mbili na kumi na mbili. Majina na saa ninayo. Za mwezi huu nakala bado zipo, za kabla yake zimekwenda."

Kisha Bi Mize akasogea mpaka karibu na uso wake.

"Mwaka jana nilimwambia mume wangu jina la mjukuu wetu," alisema. "Akalitaja mara tatu, akasema ni jina la babu yake. Ijumaa ya pili nikamuuliza, hajui kama kuna mjukuu. Nikadhani ubongo unaoza. Nikamkaripia, unasikia? Mtu asiyeweza hata kufumba jicho, nikamwambia, 'Hata damu yako unaisahau!' Nikatoka nimemnunia. Na siku ile kaka yake alikuwa amepita mbele?"

"Inawezekana, mama."

"Usiniite mama!" Mkono ukapanda, ukabaki hewani, ukashuka bila kupiga. "Ningekuzaba kibao, lakini hakitanirudishia kitu."

Bi Salha alikuwa ameshatokea mlangoni. "Jamani, jamani. Huyu si mfanyakazi wetu tena kuanzia sasa hivi. Jambo hili tulikuwa tunalichunguza kimyakimya..."

Bi Mize akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, bibie."

"Jumatatu. Na leo nimekuja, mkanipa hii!" Akainua ile namba ya zamu juu ya vichwa vya watu. "Mkaniweka uani na shemeji yangu barazani, tukamfute yule maskini mara nyingine! Mficha maradhi kilio humfichua, Bi Salha. Kilio ndicho hiki."

Hapo ndipo kelele zilipopasuka. Bi Salha alimwita mlinzi, mlinzi akatazama umati, akaamua kwamba geti linahitaji kuangaliwa. Mwanaidi akaingia chumba cha mitambo na watu wakajaa nyuma yake hadi dirishani. Akafunga milango yote miwili, akaweka ule mstari. Ufunguo ukahama, ukatoka mlangoni, ukakaa kwa mgonjwa. Sasa hodi ipigwe mbele au uani, au hata kwa milango mia, watakaomtaka mtu mmoja wangegombea ufunguo mmoja.

"Tuujaribu," alisema. "Kuna chumba kitupu cha majaribio, hakina mtu. Bi Mize, kabishe uani. Shemeji yako akabishe mbele. Kwa pamoja."

"Kwa pamoja?" aliuliza yule shemeji, kama ameambiwa jambo la fedheha.

"Kwa pamoja, bwana! Mnatembelea mtu mmoja."

Wakaenda. Mwanaidi akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Uani mashine ikasema, "Karibu." Mbele ikasema, "Subiri, kuna mtu ndani." Bi Mize alipotoka, mbele nako kukajibu, "Karibu." Wakarudia mara saba. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja pale dirishani alisema tu, "Basi ndiyo hivyo? Neno moja tu hilo?" na Mwanaidi akaitikia kwamba ndiyo.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kudai majina na saa zao, Hemedi akabaki.

"Umesema nakala za mwezi huu zipo."

"Zipo."

"Yako ipo?"

"Ipo."

"Ina nini?"

Akamwambia. Hemedi akasogea karibu naye.

"Kwa hiyo wiki nzima," alisema, "wiki nzima tunakula meza moja, na wewe una kidole juu ya kichwa cha baba, unafikiria umfufulie mama halafu umwache anamngoja?"

"Nilifikiria."

"Ungeniambia lini?"

"Sijui! Labda nisingekuambia kabisa. Unataka nikudanganye? Miaka kumi na mmoja, Hemedi! Wewe hujawahi kulala hata usiku mmoja bila radhi za baba, hujui uchungu wake. Nilizipata. Nilizisikia kwa masikio yangu. Na wewe ukaja na viatu vyako ukazikanyaga, na wala si kosa lako, na hilo ndilo linaloniua!"

"Basi zirudishe," alisema Hemedi. "Zirudishe. Lakini atakapoanza tena kuuliza mbona mama haji, hapatakuwa na hodi ya kumjibu. Na hata kama ingekuwapo, mimi siwezi kumwambia mara ya pili. Dada, wewe hukumsikia anavyolia."

Mwanaidi akageukia kioo. Nakala ilikuwa pale, jina lake na saa zake, saa nane na dakika sita hadi ishirini na nne. Aliifuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, akaitukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, akabonyeza tena.

Hemedi akavua kofia, akajifuta uso nayo. "Imebaki hodi moja," alisema. "Ingia wewe. Mimi nimeshasema yangu."

*

Daktari alimpa dakika kumi na mbili. Mwanaidi alipita mlango wa mbele kwa sababu ndio uliokuwa karibu, akavaa kofia, akabisha hodi.

"Nani?" Sauti ya Mzee Shekue ilikuwa kavu.

"Mwanaidi, baba."

Dakika ya kwanza ilikuwa inakwisha.

"Mama yako amekufa," alisema mzee. "Hemedi ndiye aliyekuja kuniambia. Wewe ulikuwa wapi? Kwenye mashine zako?"

Angeweza kusema nilikuwa hapa, baba, saa ile ile, na wewe ulikuwa unaniwia radhi. Lilikuwa ulimini kabisa. Lakini angejuaje mzee kama si uongo wa mtu anayeomba? Na dakika zingekwisha wakibishana.

"Nilikosea mlango, baba," alisema. "Niliujenga vibaya. Kila mlango nikaupa ufunguo wake, na chumba ni kimoja. Watu wengi wamepotelewa. Leo nimeurekebisha."

"Njia moja, pete moja," mzee alisema kwa hasira. "Nilikufundisha hujaota hata meno ya mbele."

"Ulinifundisha."

"Na ukaenda kugawa pete kila stesheni. Ndiyo maana nilikukataza, Mwanaidi! Si kwamba mashine ni haramu. Nilijua mtaingia vyumba vya watu kwa haraka."

"Ndiyo, baba."

Mzee akahema. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayeuliza jambo alilokuwa hana wa kumuuliza.

"Hemedi amenieleza kaburi. Amenieleza sala, na walioshika jeneza. Lakini yeye mwanamume, hakuwamo chumbani. Nani alimwosha mama yako?"

Mwanaidi alishika ukingo wa kiti. "Mimi, baba. Mimi na shangazi."

"Wewe?"

"Mimi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, hakupenda ya baridi. Nilimsuka mikia mitatu. Ule mguu wenye kovu la mafuta ya maandazi nilimwosha mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aulizeulize."

"La mwaka tuliooana," alisema mzee. "Alikuwa ananipikia mimi. Endelea. Kila kitu, usiruke."

Akaendelea. Alimweleza sanda ilivyokatwa, karafuu maiti na pamba, nani alishika taa, shangazi alivyokosea aya akaanza upya, mama alivyokuwa mwepesi. Baba aliuliza, naye akajibu, na kila alipojibu mzee alisema, "Haya," kama bwana stesheni anayepokea taarifa ya treni iliyofika. Dakika zilikuwa zinahesabika pembeni ya jicho lake, nne, tatu. Angeweza kukatiza na kuomba. Kulikuwa na nafasi ya maneno matatu. Lakini alikuwa amefika kwenye mikono, jinsi walivyoilaza, na baba alikuwa anasikiliza.

"Haya," alisema mzee.

Nakala ikarudi. Kofia ikazima.

Nje, Hemedi alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza, na karibu naye Bi Mize na shemeji yake, wanangoja zamu moja kwa watu wawili na wamenuniana. Hemedi akainuka.

"Umemwomba?"

"Sikuwahi."

"Lahaula! Dakika kumi na mbili zote? Dada, hakuna tena! Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Alitaka kujua nani alimwosha mama."

Hemedi akavua kofia, akaanza kuikunja mikononi. Hata yeye hakuwahi kuliuliza hilo.

"Kwa hiyo hakukupa," alisema taratibu.

Mwanaidi alimpokonya ile kofia aliyokuwa anaikunja, akainyoosha, akamvisha kichwani kama alivyokuwa akimvisha utotoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Alinipa," alisema. "Ijumaa iliyopita, saa nane na robo. Ila yeye hajui."